Daktari Koch na Homa ya Papasi

Zamani mtu aliyetaka kwenda bara kutoka Dar es Salaam alikwenda kwa miguu, pamoja na msafara wa wapagazi. Jioni msafara ulituama kituoni, watu wakalala katika vibanda vya miti na udongo walimokuwa wamelala wengine jana na juzi. Baada ya siku chache mmoja wao hushikwa na homa kali, kichwa kikamgonga na viungo vikamwuma. Homa humwacha, naye hudhani amepona. Kumbe siku kadha zikipita humrudia, ikamwacha, ikamrudia tena. Kwinini haikumfaa kitu. Watu waliichanganya homa hiyo na malaria, wakazidi kutibu wasichokijua.

Aliyekuja kutafuta asili yake ni Robert Koch, Mdachi, aliyezaliwa katika mji wa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843. Nyumbani kwao walizaliwa watoto kumi na watatu, na baba yao alikuwa mtu wa kazi ya migodi. Koch alihitimu udaktari Göttingen mwaka 1866, kisha akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo. Hakuwa na maabara wala mwalimu wa kumwongoza. Mkewe, Emmy, alimpa darubini ya kutazamia vitu vidogo, naye baada ya kuwaaga wagonjwa wake alikuwa akiinama juu yake, akitazama damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alikionyesha kijidudu cha kimeta, na mwaka 1882 kile cha kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi waliudhani ni wa urithi tu.

Katika miaka hiyo hiyo tabibu mmoja wa Marekani, Andrew Taylor Still, alikuwa akitafuta chanzo cha maradhi ya siku nyingi katika mifupa na viungo. Koch alikitafuta katika damu. Wote wawili hawakuridhika kutuliza maumivu na kumwambia mgonjwa aende zake.

Koch alifika Dar es Salaam mara ya kwanza mwaka 1897, akachungua malaria. Mwaka 1905 alikuwako tena, akashika njia ya bara kwenda Kilosa na Iringa. Hakutazama damu ya wagonjwa peke yake. Aliingia katika vibanda vya vituo, akafukua vumbi la sakafu kandokando ya kuta, akakusanya papasi. Wadudu hawa ni jamaa ya kupe. Mchana hujificha katika vumbi na nyufa, usiku hutoka wakanyonya damu ya waliolala, nao hawaonekani alfajiri. Ndani yao Koch aliona vijidudu vyembamba vilivyopindika mfano wa uzi uliosokotwa, vile vile vilivyomo katika damu ya wenye homa. Kisha akavikuta hata katika mayai ya papasi! Basi ikajulikana kwa nini kibanda kilichohamwa siku nyingi kiliweza kumdhuru mgeni. Koch akawashauri wasafiri wasilale katika vibanda vya zamani, bali mbali navyo kidogo.

Si yeye peke yake aliyefika huko. Ross na Milne walikuwa wameiandama homa hiyo Uganda mwaka 1904, na Dutton na Todd huko Kongo. Dutton aliugua homa hiyo hiyo, akafa Kasongo mwezi wa Februari 1905, angali kijana.

Mwishoni mwa mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Hata hivyo dawa aliyoitangaza mwaka 1890 kuuponya ugonjwa huo haikuuponya. Na katika visiwa vya Ssese, mwaka 1906 na 1907, alipowatibu wenye malale kwa dawa iitwayo atoksili, baadhi yao walipofuka macho. Kukijua chanzo cha ugonjwa ni jambo moja, na kuiona dawa yake ni jambo jingine; wale waliopofuka ndio waliolipa.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Huku pwani, nyumba nyingi za Mbweni na Kinondoni sasa zina sakafu ya saruji, na papasi hapati ufa wa kujifichia.