Padre Horner na Watoto Wasio na Kwao

Msafiri atokaye Mikumi akishika njia ya Ifakara hupita Kidodi, kisha hufika Ruaha, mji uliokua kando ya mto mkubwa wenye jina hilo, ukitazamana na Kidatu. Huko miwa imetanda pande zote. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha pili, kile cha Ruhembe upande wa Kilosa, kikafuata mwaka 1976. Tangu siku hizo watu wa makabila mengi wamekuja kutafuta kazi ya kukata miwa. Waume hutangulia, wake hufuata, na watoto huzaliwa katika vyumba vya kupanga, mbali na babu na bibi zao. Pembeni yao wako wenyeji, Wavidunda na Wasagara, ambao mashamba ya baba zao leo hayawatoshi wote.

Msimu wa miwa ukiisha, mshahara wa kibarua nao hukoma. Hapo ndipo mtoto wa mgeni hulala na njaa, na mara nyingi mtoto wa mwenyeji wa nyumba ya pili naye hulala vivyo hivyo. Hata hivyo wazazi wao husikika wakilaumiana. Mwenyeji husema kwamba mgeni amekuja kumpunguzia riziki, naye mgeni husema kwamba mwenyeji anambagua. Yatupasa tujiulize: mtoto maskini ni wa nani? Swali hili si jipya katika nchi yetu. Yuko mtu mmoja aliyelikabili zaidi ya miaka 150 iliyopita, akalijibu kwanza nusu, kisha akajifunza nusu iliyobaki kwa taabu. Mtu huyo ni Padre Antoine Horner, mwanzilishi wa misioni ya Bagamoyo. Maisha yake yatufaa sote kuyakumbuka.

Padre Horner alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, Ufaransa, akaingia Shirika la Roho Mtakatifu. Kabla ya kufika kwetu alifanya kazi katika kisiwa cha Réunion, kilichoko katika Bahari ya Hindi. Kisiwa hicho nacho kilikuwa kisiwa cha miwa. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1848, lakini miwa haikukoma kutaka mikono ya watu. Wenye mashamba wakaleta vibarua kwa mikataba, wengi wao kutoka India. Basi katika kisiwa kimoja waliishi watu waliopewa uhuru bila ardhi, na pamoja nao wageni waliokuja kwa mkataba bila ndugu. Wale wa kwanza walikuwa wenyeji, na hawa wa pili walitoka ng'ambo, lakini watoto wa pande zote mbili waliufahamu vema umaskini. Huko ndiko Padre Horner alikopata shule yake ya kwanza.

Mwaka 1863 alitumwa Unguja, ambako mapadre wa kwanza walikuwa wamefika mwaka 1860. Siku hizo mji wa Unguja ulikuwa na soko la watumwa lililojulikana dunia nzima. Walioletwa humo walitoka nchi za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa, na wengine walitoka bara la karibu zaidi, nchi zilizopitiwa na misafara. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipanda hadi Ukami, ikavuka mbuga ya Mkata, ikaingia milima ya Usagara. Hiyo ndiyo nchi ya Kilosa ya leo. Msafara ulipopita ulinunua chakula na pembe za ndovu, na mara nyingi ulinunua watu pia.

Padre Horner na wenzake walichukua fedha za sadaka zilizotoka Ulaya, wakaenda sokoni kuwanunua watoto ili wawaweke huru. Walichagua watoto kwa sababu mtu mzima angeweza kujitafutia njia, lakini mtoto mgonjwa ambaye hakupata mnunuzi alikuwa hana tumaini. Wako waliowalaumu kwa tendo hilo, maana fedha inayotolewa kwa mwuzaji, hata kwa nia njema, humpa nguvu ya kuleta wengine. Lawama hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini aliyesimama mbele ya mtoto anayekufa hakuwa na muda mwingi wa kushindana kwa maneno.

Miongoni mwa watoto waliopokewa Unguja siku zile alikuwamo msichana Myao aitwaye Swema. Padre Horner aliandika habari zake, nazo zilipigwa chapa Ufaransa mwaka 1870. Habari hizo zafaa kufikiriwa na kila mzazi, maana balaa la Swema halikuanza kwa vita wala kwa mikuki. Lilianza kwa deni. Baba yake alifariki, na mama akabaki mjane. Njaa ilipoingia nyumbani mama alikopa nafaka, na siku ya kulipa ilipofika hakuwa na kitu. Mwenye kudai akamchukua mtoto kuwa malipo. Mama hakukubali kuachana naye, akafuatana na msafara kwa hiari yake, akafia njiani. Swema alifikishwa Unguja akiwa hoi, hata wakamdhania maiti, wakamzika katika shimo fupi. Kijana mmoja akasikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa watawa.

Tuangalie neno hili kwa makini.   Lau mama yule angalipata jirani mmoja wa kumpa pishi chache za nafaka mpaka mavuno, msafara ungalipita bila ya mtoto wake.  Alipofika Unguja, mtoto yule yule akawa mgeni asiye na kwao, akaokolewa na watu wasiojua kabila lake. Ndivyo umaskini ulivyo: haumwulizi mtoto alikozaliwa.

Mwaka 1868, kwa kibali cha Sultani Majid, Padre Horner na Padre Baur walianzisha misioni Bagamoyo. Watoto walihamishiwa huko wapate hewa, shamba na kazi. Walipanda minazi, mihogo na miti ya matunda. Wavulana walifundishwa useremala na uhunzi, kusoma na kuhesabu. Wasichana walilelewa na Masista wa Shirika la Mabinti wa Maria, shirika lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, ambalo miongoni mwa watawa wake wa kwanza walikuwamo wanawake waliowahi kuwa watumwa. Hao hawakuhitaji kuelezwa maana ya kuitwa mali ya mtu.

Kazi hiyo haikuwa ya raha. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kilipiga Unguja na pwani, kikaua maelfu ya watu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilivuma kutoka baharini, ikabomoa majengo ya misioni na kung'oa miti iliyopandwa kwa jasho la watoto. Padre Horner akaanza tena tangu msingi. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kufungwa kwa soko hakukufunga njaa. Watoto waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini waliendelea kuletwa misioni, na kila mmoja alihitaji chakula, nguo na mtu wa kumwita mwanangu.

Hapo ndipo Padre Horner alipojifunza nusu ya pili ya jibu. Watoto walikua. Kijana wa miaka 18 hawezi kulishwa katika bweni daima. Alitaka mke, nyumba, shamba na jina lake mwenyewe. Kwa hiyo vijana na wasichana waliotaka walioana, wakapewa nyumba na viwanja katika kijiji kilichoitwa cha Mtakatifu Yosefu, karibu na misioni. Walifanya kazi ya misioni baadhi ya siku, na siku nyingine walijilimia wenyewe.

Haifai kuyapamba mambo yale kupita yalivyokuwa. Wako wanakijiji walionung'unika kwamba kazi ya misioni ni nyingi na malipo ni haba, na wako waliotoroka. Mapadre walishangaa, wakaona kama utovu wa shukrani. Lakini mtu aliyekombolewa sokoni huku akiambiwa kwamba sasa yu huru, ana haki ya kuuliza uhuru wake unaanzia wapi. Kula na kuvaa ni mwanzo tu. Baba wa nyumba hutaka aone mavuno ya mkono wake yakiingia katika ghala yake, apate kuwapa watoto wake kwa mkono wake. Baba akikosa heshima hiyo, watoto nao hawawi salama.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Misioni ya siku zile za kwanza iliwatunza zaidi watoto waliokombolewa, ambao wote walikuwa wageni katika nchi ile. Watoto wa Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa kandokando, kwa sehemu kubwa walibaki nje ya ua. Hivyo ukawako umbali kati ya kijiji cha wageni na vijiji vya wenyeji, ingawa wote walikunywa maji ya nchi moja, na jua likikausha mtama liliukausha wa wote. Mtoto aliyelelewa mbali na majirani alijua kusoma, lakini hakuwa na mjomba wala shangazi katika nchi aliyotakiwa kuishi.

Padre Horner alilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1870 alikuwa amesafiri pamoja na mapadre wenzake hadi Ukami, chini ya milima ya Uluguru, akatafute mahali pa kuanzia kazi katikati ya wenyeji wa bara. Njia hiyo ilikuwa ndiyo ile ile ya misafara, lakini safari hii wasafiri walitafuta mahali pa kukaa. Mwaka 1877, chini ya uongozi wake, misioni ilifunguliwa Mhonda, katika milima ya Nguru. Familia za Wakristo waliolelewa Bagamoyo zilihamia huko zikakae kati ya Wanguru, zilime karibu nao, na watoto wao wakue pamoja. Kile alichokianza kama nyumba ya yatima, sasa alikitaka kiwe ujirani.

Hakuishi kuona mavuno yake. Afya yake iliharibika kwa homa na kazi ya miaka mingi, akarudi Ufaransa, akafariki mwaka 1880. Alikuwa na umri wa miaka 53 hivi. Misioni za Bagamoyo na Mhonda zipo hadi leo, na ukoo wa wale watoto wasio na kwao umechanganyika na koo za wenyeji hata hakuna awezaye kuutenga.

Sasa turudi Ruaha na Kilosa. Wilaya ile imekuwa nchi ya wageni kwa muda mrefu. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka mbali, na mkonge ulipoporomoka, wengi wao walibaki bila kazi na bila nauli ya kurudia kwao. Miwa imeleta wengine, na malisho yameleta wafugaji. Twajua pia uchungu unaotokea wageni na wenyeji wanapoacha kusikilizana. Mwezi Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa. Watu wazima hugombania ardhi na maji, na yatima hubaki pande zote mbili.

Ni kweli kwamba mengi yamebadilika. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mtoto wa mkata miwa ana haki ya kukaa dawati moja na mtoto wa mwenyeji. Lakini sare, daftari na uji wa asubuhi bado hutoka mfukoni mwa mzazi, na mfuko ukiwa mtupu mzazi hukopa. Mkopo wa riba kali bado huvunja nyumba kama ulivyoivunja nyumba ya mama yake Swema, ingawa leo mtoto hapelekwi sokoni. Leo hupelekwa mjini akawe mtumishi wa nyumbani, au huachishwa shule akavune, au huozwa kabla ya wakati.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hilo ni la hekima, maana jembe ni alama ya kumpokea mtu, naye hawezi kulitumia asipopewa na mahali pa kulima. Kwa hiyo kila familia ianze na nyumba ya pili. Ukisikia kwamba jirani amekopa chakula, mtangulie mwenye riba. Ukiona mtoto haendi shule, mwulize mzazi wake kwa upole ni kitu gani kimepungua, wala usimwulize kwanza ametoka mkoa gani. Vyama vya akiba na vya wakulima viwakubali wenyeji na wageni pamoja, ili msimu ukiisha asiwepo mama wa kumlilia mkopeshaji peke yake. Wenye mashamba na viwanda nao wakumbuke kwamba kila mkono unaokata miwa una midomo inayousubiri nyumbani, hata katika miezi ambayo mitambo imezimwa.

Padre Horner alianza kwa kuwatoa watoto sokoni mmoja mmoja, akamaliza kwa kuwatafutia majirani. Ilimgharimu miaka mingi kujifunza kwamba mtoto haokolewi peke yake, bali pamoja na nyumba yake na mtaa wake. Sisi twaweza kuanzia pale alipoishia.