Mtu wa Koridoni: Maisha ya William Seymour

Masomo ya wiki: Zaburi 139, Mwanzo 16, Yohana 1:43-51

Jumapili iliyopita tulikaa sana kwenye Zaburi ya 139, pale Daudi anapokiri kwamba Mungu anamfahamu nje na ndani, hata yale ambayo hajayatamka. Baada ya ibada dada mmoja akauliza swali ambalo wengi tunalo ila tunaona haya kuliuliza: kama Mungu ananijua hivyo, mbona watu wananipita kama sipo? Badala ya kumjibu kwa maneno mengi, nimeona tumtazame mtu mmoja ambaye sisi Wapentekoste tunakula matunda yake, lakini jina lake wengi hatulijui.

William Joseph Seymour alizaliwa tarehe 2 Mei 1870 huko Centerville, jimbo la Louisiana, Marekani. Wazazi wake, Simon na Phillis, walikuwa wamezaliwa utumwani. Uhuru ulikuja, lakini mali haikuja nao. William alipokuwa mtu mzima akaondoka kusini kutafuta riziki, akafanya kazi ya weita kwenye hoteli za Indianapolis. Kazi hiyo mnaijua. Watu wanaona sahani, hawamwoni aliyeibeba.

Huko kaskazini akajiunga na watu waliohubiri utakatifu, na akawa na wito wa kuhubiri ambao aliukwepa. Kisha ndui ikamshika. Alipona, lakini jicho la kushoto likabaki bila nuru. Akainuka kitandani akiwa amekubali kumtumikia Bwana.

Mwaka 1905 tunamkuta Houston, Texas. Huko kulikuwa na mama mchungaji, Lucy Farrow, naye alizaliwa utumwani. Kupitia kwake, Seymour akasikia habari za shule ya Biblia ya mhubiri Mzungu aitwaye Charles Parham, aliyefundisha kwamba ubatizo wa Roho Mtakatifu huambatana na kunena kwa lugha. Seymour alitaka sana kusoma. Shida ni kwamba Texas ya wakati huo haikuruhusu Mweusi na Mweupe kuketi darasa moja. Parham akampa ruhusa ya nusunusu: akae nje koridoni, mlango uachwe wazi kidogo, asikilize kutoka hapo.

Hapa lazima nisimame. Wengi wetu tumewahi kusikiliza mahubiri dirishani kanisa likijaa, na hatukuona vibaya, kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha. Hii ya Seymour ni kitu kingine. Nafasi ilikuwepo. Kilichomzuia ni ngozi yake, na aliyemzuia alikuwa anafundisha habari za Roho Mtakatifu! Mimi ningeondoka siku ya kwanza, nisiwadanganye. Yeye alirudi siku baada ya siku. Nathanaeli alionekana na Yesu akiwa chini ya mtini kabla Filipo hajamwita, na Hajiri alikuwa mjakazi aliyetoroka, yuko jangwani peke yake, Mungu akamwita kwa jina. Sioni kwa nini koridoni kungemshinda Mungu huyo.

Mapema mwaka 1906 kanisa dogo la Los Angeles, lililoongozwa na Julia Hutchins, likamwalika. Seymour akahubiri juu ya kunena kwa lugha, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalipokea. Mama Hutchins hakukubaliana na fundisho hilo. Siku chache baadaye Seymour aliporudi kanisani alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Hebu fikiria. Ugenini, mfukoni hamna kitu, na waliokualika wamekufungia nje.

Edward Lee, ambaye naye hakuwa tajiri, akampokea nyumbani kwake. Wakaanza kuomba, kisha wakahamia kwa akina Asberry, mtaa wa Bonnie Brae. Tarehe 9 Aprili Lee akanena kwa lugha, na jioni hiyo wengine wakafuata, akiwemo Jennie Moore. Na mhubiri je? Bado. Seymour aliendelea kuwaombea watu wapokee kile ambacho yeye hakuwa nacho, hadi tarehe 12 Aprili naye alipopokea.

Nyumba ikawa ndogo. Wakakodi jengo kuukuu nambari 312 Azusa Street, lililokuwa kanisa zamani, kisha likatumika kama stoo na zizi la farasi. Viti vilikuwa mbao zilizowekwa juu ya vitu vilivyopatikana. Mimbari ilikuwa masanduku mawili ya mbao yaliyopandanishwa, na mara nyingi mchungaji alikuwa ameingiza kichwa ndani ya sanduku akiomba, watu wakija kumtafuta mtu mashuhuri wasimwone. Ibada ziliendelea kutwa nzima, takriban miaka mitatu. Weusi, Wazungu na Wameksiko walipiga magoti pamoja. Moto huo ulifika Kanada, na kutoka Kanada wamishonari wakaja hadi Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1920. Kwa hiyo hii si habari ya mbali.

Lakini nisiwape nusu ya hadithi. Parham alikuja Oktoba 1906, akachukizwa na alichokiona, hasa Weusi na Weupe kuchangamana hivyo, akapinga hadharani. Mwaka 1908 Seymour alimwoa Jennie. Muda si mrefu Clara Lum, aliyesimamia gazeti la kanisa, akahamia Portland, na orodha za anwani za wasomaji zikaenda naye. Makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wakisoma habari za Azusa wakapotea mikononi mwa Seymour hivyo tu. Alisafiri hadi Portland kuzifuata, akarudi mikono mitupu.

Mwaka 1911, akiwa safarini, mhubiri mwingine, William Durham, akateka umati wake kwa fundisho tofauti. Seymour aliporudi alifunga mlango kwa kufuli. Ndiyo, yule aliyefungiwa nje mwaka 1906 sasa ndiye mwenye ufunguo. Na mwaka 1915 akaandika kwenye kanuni za kanisa kwamba viongozi wawe Weusi, kwa sababu ya migawanyiko iliyokuwa imetokea. Wengine humlaumu kwa hilo. Mimi naona ni kidonda kinachosema. Daudi mwishoni mwa zaburi ile ile anaomba Mungu auchunguze moyo wake, na hilo si ombi la mtu anayedhani moyo wake ni safi tupu. Anayetujua koridoni anatujua pia tukiwa na kufuli mkononi.

Seymour alifariki tarehe 28 Septemba 1922 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 52. Wakati huo waliobaki Azusa walikuwa wachache mno, na makanisa mengi yaliyotokana na uamsho ule hayakuwa yakimtaja. Jennie aliendelea kuwachunga. Jengo likabomolewa mwaka 1931, naye Jennie akafariki mwaka 1936.

William amezikwa katika makaburi ya Evergreen, Los Angeles. Wale wachache hawakumwandikia cheo kikubwa. Jiwe la kaburi linamtaja tu kama mchungaji wao.