Maisha ya Fanny Hensel (1805–1847), Mwalimu wa Kwaya



Kila Krismasi kwaya yetu huimba ule wimbo wa malaika wakitangaza kuzaliwa kwa Mfalme. Tuni yake ilitokana na kazi ya Felix Mendelssohn, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani. Katika Jubilii hii ya miaka 40 tumeona vyema tuwaletee habari za dada yake, Fanny. Naye alikuwa mtunzi, tena aliongoza kwaya mpaka siku aliyoitwa na Mungu. Mwaka huu tumejifunza kwake jambo ambalo kwaya yetu ililihitaji, kama mtakavyoona mwishoni.

Fanny alizaliwa Hamburg tarehe 14 Novemba 1805, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Felix alimfuata baada ya miaka mitatu. Baba yao, Abraham, alikuwa mwenye benki, na babu yao, Moses Mendelssohn, alikuwa mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyeheshimiwa kote Ulaya. Familia ilihamia Berlin, na mwaka 1816 watoto wakabatizwa wakawa Wakristo wa Kiprotestanti.

Mama yao, Lea, ndiye aliyewaanzisha piano. Baadaye Fanny na Felix walifundishwa na walimu wale wale, kati yao Carl Friedrich Zelter, aliyeongoza kwaya kubwa ya Berlin iitwayo Sing-Akademie. Fanny alipokuwa na miaka 13 alimpigia baba yake zawadi ya siku ya kuzaliwa: vipande 24 vya Johann Sebastian Bach, vyote kwa kichwa, bila karatasi mbele yake. Mwanakwaya yeyote aliyewahi kusahau ubeti wa tatu katikati ya ibada anajua hilo si jambo dogo.

Lakini alipofika miaka 14 baba yake alimwandikia barua kumweleza kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi ya maisha, ila kwake yeye ungebaki pambo tu. Felix alisafirishwa nchi za nje, akachapishiwa kazi zake na kusifiwa. Fanny alibaki nyumbani, akaendelea kutunga.

Ndugu hawa walipendana sana. Felix hakupenda kutoa kazi kabla dada yake hajaisikia na kuikosoa. Hata hivyo, alipochapisha nyimbo zake katika vitabu viwili, nyimbo sita zilizokuwa ndani yake zilikuwa za Fanny, na jina juu ya jalada lilikuwa la Felix peke yake. Mwaka 1842 Felix alikaribishwa na Malkia Victoria wa Uingereza katika jumba lake la Buckingham. Malkia alipenda kuimba, akachagua wimbo mmoja kutoka kitabu hicho. Felix akalazimika kukiri kwamba wimbo ule ulitungwa na dada yake.

Tarehe 3 Oktoba 1829 Fanny aliolewa na mchoraji Wilhelm Hensel. Felix alikuwa ameahidi kutunga muziki wa kinanda cha kanisa kwa ajili ya arusi, lakini aliumia mguu kwa ajali ya gari la farasi huko London na muziki haukufika. Basi Fanny akatunga mwenyewe. Muziki wa kutokea kanisani aliuandika usiku wa kuamkia arusi yake! Mume wake hakumzuia kutunga. Alimtia moyo, hata akamhimiza achapishe. Mwaka uliofuata walimpata mtoto wao, Sebastian.

Mwaka 1831 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Berlin na kuua watu wengi. Fanny alichagua maneno ya Biblia, akayatungia muziki mrefu wa waimbaji wa solo, kwaya na okestra kwa ajili ya msiba huo. Kazi hiyo iliimbwa nyumbani kwao Desemba mwaka huo, lakini haikuchapishwa wakati wa uhai wake.

Nyumba yao ilikuwa barabara ya Leipziger, namba 3. Huko ndiko Fanny alikoendesha matamasha ya Jumapili. Alichagua muziki, akafundisha waimbaji sauti zao, akapiga piano na kuongoza. Wageni walikuja kutoka mbali, hata mpiga piano Franz Liszt. Mbele ya umma, nje ya nyumba yake, inajulikana alipiga mara moja tu, mwaka 1838, katika tamasha la hisani, na siku hiyo alipiga kazi ya Felix.

Mwaka 1839 na 1840 alikaa Italia na familia yake. Huko Roma vijana wa muziki, akiwemo Charles Gounod wa Ufaransa, walimsikiliza kwa hamu akipiga Bach. Aliporudi alitunga Das Jahr, yaani Mwaka: vipande 12 vya piano, kimoja kwa kila mwezi, na kimoja cha kufungia. Aliviandika kwenye karatasi za rangi, na mume wake akachora picha juu ya kila kimoja. Mwezi wa Machi una tuni ya zamani ya Pasaka, Desemba una tuni ya Krismasi, na cha kufungia kina wimbo wa kanisa wa kuaga mwaka.

Baba alikuwa amefariki mwaka 1835, lakini Felix naye hakupenda dada yake achapishe. Mwaka 1846, Fanny akiwa na miaka 40, aliamua. Alikubaliana na wachapishaji wa Berlin, na baadaye Felix akamtumia baraka zake. Hatimaye jina lake mwenyewe likawa juu ya jalada.

Hakupewa hata mwaka mzima mwingine. Tarehe 14 Mei 1847 alikuwa kwenye piano akiwafanyisha mazoezi wanakwaya wake, wakijiandaa kuimba kazi ya Felix, mikono yake ilipokufa ganzi. Alipatwa na kiharusi, akafariki usiku huo, akiwa na miaka 41. Felix alivunjika moyo kabisa. Akaanza kushughulikia uchapishaji wa kazi zaidi za dada yake, lakini tarehe 4 Novemba mwaka huo huo naye akafariki. Wamezikwa pamoja Berlin.

Fanny aliacha kazi zaidi ya 450. Nyingi zilikaa bila kuchapishwa kwa zaidi ya miaka 100, na Das Jahr ilichapishwa mwaka 1989 tu. Sonata yake ya Pasaka, aliyoitunga mwaka 1828, ilipoonekana Paris mwaka 1970, watu walisema ni ya Felix, na hata ikarekodiwa kwa jina la Felix. Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Angela Mace Christian, aliuchunguza mwandiko na namba za kurasa, akathibitisha kwamba kurasa zile zilitoka katika kitabu cha Fanny. Sonata hiyo inamalizikia kwa wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu.

Siku hizi muziki wake unapigwa kumbini na wapigaji wakubwa, lakini pia unapigwa sebuleni na watu wa kawaida kama sisi, ambao hujirekodi na kuwatumia wenzao. Tunaona hilo linafaa, kwa maana sebuleni ndiko muziki huo ulikozaliwa. Mpiga kinanda wetu alijifunza kwa kusikiliza rekodi za namna hiyo. Mwezi wa Machi alipiga ile sehemu ya tuni ya Pasaka, akairekodi kwa simu baada ya mazoezi, akaituma kwenye kundi la kwaya. Kibodi yetu ni fupi kuliko piano, kwa hiyo noti za chini kabisa hazimo, na mahali pawili alikosea. Mvua nayo inasikika juu ya mabati. Hata hivyo wengi wetu tuliisikiliza mara nyingi, wengine ndani ya matatu wakienda kazini.

Baada ya kuisikiliza, mwenzetu mmoja wa sauti ya pili aliuliza swali katika kikao cha maandalizi ya Jubilii. Je, jina la marehemu mama yake litaandikwa popote? Mama huyo alitutungia nyimbo miaka ya mwanzo, akatufundisha kwa mdomo. Tuliporekodi kaseti yetu ya kwanza, jalada lilikuwa na jina la kwaya peke yake. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Tulizoea tu kusema ni wimbo wa kwaya, na yeye mwenyewe hakudai.

Tulikaa na wazee wetu tukaisikiliza kaseti hiyo upya. Kati ya nyimbo nane, tatu wote walikubaliana ni zake. Kwa nyingine mbili walitofautiana, na sasa hatuwezi tena kumuuliza. Hilo lilituuma, na tulimwomba binti yake msamaha mbele ya kwaya nzima.

Kwa hiyo leo, kabla ya kila wimbo tuliotunga wenyewe, mtasikia jina la mtunzi likitajwa. Zile mbili zenye shaka tutaziimba pia. Ndugu au dada yeyote aliyekuwa kwenye mazoezi ya miaka ile na anakumbuka ni nani aliyezileta, tafadhali atuone baada ya ibada, karibu na meza ya kaseti.

Mungu awabariki.

Katibu, kwa niaba ya kwaya