Seyyid Barghash na Herufi za Risasi

Akitajwa Marehemu Seyyid Barghash bin Said, wengi wetu tuliotoka Unguja hukumbuka Beit al-Ajaib, maji ya Chemchem na hamamu ya Hamamni. Mimi nimekula mkate wa ukarani maisha yangu yote, na humkumbuka kwa jambo jingine: herufi.

Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alifariki mwaka 1856, na Unguja ikashikwa na Seyyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alimpinga nduguye, na katika njama ile karani wake alikuwa msichana wa miaka kumi na tano, dada yake Seyyida Salme. Wakati ule watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana ndio uliokuwa ubao wa watoto. Kwa mkono ule ndio zikaandikwa barua za Barghash kwa wakubwa waliomuunga mkono.

Njama ilivunjwa na Barghash akapelekwa Bombay. Mji ule ulikuwa na viwanda vingi vya chapa, vikitoa vitabu vya Kiarabu na Kiajemi vilivyosafiri pwani zote za bahari yetu. Baadaye aliruhusiwa kurudi, na Majid alipofariki mwaka 1870 akakaa yeye kwenye kiti.

Mwaka 1873 alilazimika kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka 1875 akaalikwa Uingereza. Salme, ambaye sasa alikuwa mjane wa Mjerumani na Mkristo, alimfuata London akitaka kuonana naye. Sir Bartle Frere alimzuia kwa ahadi, na ndugu wawili wale hawakuonana.

Haikupita miaka mingi, akaleta Unguja mtambo wa kupigia chapa, na kufikia mwaka 1880 vitabu vilikuwa vinatoka.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Mashine niliyojifunzia shuleni kwa mapadri ilikuwa na herufi za Kizungu, kila moja imesimama peke yake kama askari kwenye gwaride. Kiarabu hakikubali hivyo. Herufi ya ain ina sura nne: mwanzo wa neno, katikati, mwisho na ikiwa peke yake. Ongeza irabu na herufi zinazopandana, kisha fikiria fundi aliyesimama mbele ya kasha la vipande mamia vya risasi, akipanga mstari mmoja kutoka kulia. Ndiyo maana wapiga chapa wa Kiarabu walishika khati ya naskh. Ni khati ya upole, herufi zake zinakaa juu ya mstari na jicho halichoki kuzisoma. Thuluth ni bwana mwingine. Alifu zake ni ndefu, mikia yake inazunguka, neno linampanda mwenzake begani. Kuimimina katika risasi ni taabu, na ukurasa mzima wa thuluth ungemchosha hata shekhe. Kazi yake ni heshima: juu ya mihrabu, kwenye jina la kitabu, kwenye mlango.

Barghash alizitumia herufi za namna zote mbili. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga mwaka 1883, ilichongwa aya za Kurani. Sarafu zake za mwaka 1299 wa Hijra zilibeba jina lake kwa Kiarabu. Hizo zilikuwa za kutazamwa. Vitabu vilikuwa vya kusomwa, na kwangu mimi hivyo ndivyo vikubwa zaidi. Elimu ya Kiibadhi ilikuwa ikinakiliwa kwa mkono, miezi na miezi kwa kitabu kimoja, na mchwa hajui thamani ya nakala. Barghash aliamuru kichapwe Qamus al-Sharia cha Mwomani, Shekhe Jumayyil bin Khamis al-Saadi, kitabu cha sehemu 90. Hazikuchapwa zote, lakini sehemu zilizotoka zilifika mikononi mwa masheikh ambao wasingeipata kamwe nakala ya mkono.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, akidai urithi wake. Barghash alikataa kumwona. Wengine husema alikuwa na haki, kwa kuwa alikuja chini ya mizinga. Huenda. Lakini mimi huona uchungu kwamba mtu aliyewachapia watu asiowajua kurasa kwa maelfu alimnyima neno yule aliyekuwa mkono wake wa kuandikia.

Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani waliigawa bara yake, wakamwachia ukanda wa maili kumi wa pwani. Afya ikamwishia. Mapema mwaka 1888 alisafiri kuja huku Maskati kutafuta nafuu, akarejea Unguja, na mwezi wa Machi akafariki. Salme aliishi mpaka mwaka 1924.

Katika miaka ya 1980 Wizara ya Turathi hapa Oman ilianza kukichapa upya Qamus al-Sharia. Nina juzuu mbili nyumbani. Khati yake ni naskh.