Padre aliyepima matetemeko: maisha ya Giuseppe Mercalli



Safari hii sikuleteeni mtakatifu, wala mwenyeheri. Nakuleteeni padre mmoja wa Italia aliyefundisha shule, akapanda milima inayotoa moto, akafa vibaya. Jina lake wengi mmelisikia kwenye Jiografia bila kujua ni la padre: Mercalli, yule wa kipimo cha matetemeko ya ardhi.

Kwa nini yeye? Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipolipuka kule Goma, kwenye magrupu ya vijana wa parokia zetu huku Masasi na Newala zilizagaa jumbe kwamba Mungu amechoka na Wakongo. Mtu anakaa salama juu ya mchanga wa Newala, mamilioni ya miaka mbali na volkano yoyote, anawahukumu watu wanaokimbia usiku na watoto mgongoni! Yesu mwenyewe aliligusa swali kama hilo alipowataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na jibu lake lipo Luka sura ya 13, kasome. Mimi nataka nikuonyesheni mtu aliyelichukulia jibu hilo kama kazi ya kufanya.

Giuseppe Mercalli alizaliwa Milano tarehe 21 Mei 1850. Akapata upadre akiwa bado kijana. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Padre Antonio Stoppani, mwanajiolojia maarufu wa wakati ule, kwa hiyo kwake kanzu na nyundo ya kupasulia mawe havikugombana hata siku moja. Alifundisha sayansi seminarini, na mwaka 1883 akatoa kitabu kikubwa kuhusu volkano za Italia.

Halafu akapata msukosuko. Palikuwa na mjadala mkali katika Kanisa kuhusu Padre Antonio Rosmini, mwanafalsafa aliyekuwa ameshafariki. Mwaka 1887 sentensi 40 kutoka maandishi yake zilikataliwa rasmi. Mercalli alimheshimu Rosmini, akaunga mkono mpango wa kumjengea mnara wa kumbukumbu pale Milano. Hilo likamgharimu nafasi yake ya kufundisha seminarini. Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na jina la Rosmini, na wakati huo alikuwa tayari ni Mwenyeheri, maana Kanisa lilitoa ufafanuzi mwaka 2001 kuhusu zile sentensi, na Novemba 2007 akatangazwa. Mercalli hakuyaona hayo. Alichofanya ni kufungasha vitabu vyake, akaenda kusini kufundisha shule za serikali, Reggio Calabria na baadaye Napoli. Upadre hakuuacha. Kwangu mimi hapa ndipo anapoonekana ni mtu wa aina gani, maana angeweza kukaa na uchungu tu, na angekuwa na sababu.

Na kule kusini ndiko ziliko volkano.

Sasa tuelewane kidogo kuhusu kinachotokea chini. Magma ni mwamba ulioyeyuka ndani ya dunia. Ni mwepesi kuliko miamba inayouzunguka, na ndani yake kuna gesi nyingi iliyobanwa, hasa mvuke wa maji. Kwa hiyo unataka kupanda. Huku kwetu Newala maji ya mvua yanazama mchangani hadi chini kabisa, na kuyarudisha juu ya uwanda lazima pampu. Magma hauhitaji pampu. Lakini haupiti kwenye bomba safi kama mnavyochorewa vitabuni. Chukueni mfano wa gogo na kabari. Ukigonga kabari, ufa unatangulia mbele yake na gogo linalia. Magma ndivyo unavyofanya kwenye ganda la dunia: unajisukuma ndani ya ufa, unauchana zaidi kwenye ncha, unajaza, unachana tena. Unatengeneza ukuta mwembamba uliosimama wima, unene wake pengine mita moja au chache tu, urefu kilomita kadhaa. Kila mwamba unapokatika panatokea tetemeko dogo. Ukiyafuatilia hayo matetemeko unajua kabari imefika wapi.

Mara nyingi hautokezi juu. Unapoa njiani na kuganda. Tazameni ile miamba mikubwa ya Masasi tunayopiga nayo picha. Ni mawe yaliyopikwa kilindini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ya kufunuliwa na mmomonyoko. Katika mawe ya namna hiyo mara nyingi utaona mishipa myeupe imekatiza. Mingi ni nyufa za zamani zilizojazwa na vitu vya moto, zikafungwa, basi.

Enzi za Mercalli mitambo ilikuwa michache na migumu. Kituo cha kuchunguza mlima Vesuvio kilikuwepo tangu 1841, cha kwanza duniani, lakini kujua hasa kinachoendelea chini ilikuwa kubahatisha. Yeye akategemea macho, masikio na daftari. Kisiwa cha Vulcano kilipolipuka kuanzia 1888 hadi 1890, yeye na mwenzake Orazio Silvestri walichunguza jinsi magma mzito unavyoziba mdomo wa volkano, gesi inajikusanya chini yake, halafu inalipua kizibo vipande vipande. Mawe yaliyorushwa yalikuwa yamepasuka ganda kama mkate. Mpaka leo mlipuko wa aina hiyo unaitwa kwa jina la kisiwa kile, ukiachana na ile ya mlima kama Stromboli, ambao hutema kidogo kidogo.

Kipimo chake cha matetemeko nacho kilizaliwa kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1902 alikipanga kwa daraja kumi, wengine baadaye wakafikisha kumi na mbili. Watu hukichanganya na kile cha Richter. Cha Richter kinahusu nguvu ya tetemeko lenyewe, na kinahitaji chombo. Cha Mercalli kinauliza tetemeko limefanya nini pale ulipo wewe: taa imening'inia na kuyumba? Waliolala wameamka? Ukuta umepata ufa, au nyumba imelala? Yaani ushahidi wa mama aliyekuwa jikoni unahesabika. Kagera ilipotetemeka tarehe 10 Septemba 2016, nguvu ya tetemeko ilikuwa moja, 5.9, lakini madhara ya Bukoba na ya mbali hayakulingana, na tofauti hiyo ndiyo kipimo cha Padre Mercalli kinachoieleza. Nakipenda kwa sababu kinaanza na watu.

Napoli alifundisha katika Liceo Vittorio Emanuele. Mmoja wa wanafunzi wake pale alikuwa kijana aitwaye Giuseppe Moscati. Ndiyo, huyohuyo, Mtakatifu Giuseppe Moscati, daktari wa maskini. Aprili 1906 mwalimu na mwanafunzi walijikuta mbele ya mlima mmoja.

Vesuvio ilianza kufunguka tarehe 4 Aprili. Nyufa zilichanika ubavuni, lava ikatokea chini ya kilele, kila ufa mpya chini zaidi ya ule wa kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 8 mlipuko ukawa mkubwa kabisa. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Matawi. Katika mji wa San Giuseppe watu walikimbilia kanisani kusali, majivu na kokoto vikalundikana juu ya paa, paa likaporomoka, wakafa zaidi ya 100. Majivu ya volkano si kama ya mkaa, jamani. Ni mawe yaliyosagwa, ni mazito. Kule Torre del Greco, Moscati, daktari wa miaka 25, alifika kwenye hospitali ndogo ya wagonjwa wasiojiweza, akawatoa wote nje, wazee na waliopooza. Muda mfupi baada ya wa mwisho kutoka, paa likaanguka.

Mercalli alikuwa akizunguka na daftari, siku baada ya siku, anaandika ufa upi umefunguka saa ngapi, majivu yameanguka wapi na kwa unene gani. Kuna anayeweza kuona huo ni ubaridi wa moyo, watu wanakufa na padre anapima majivu. Mimi sioni hivyo. Waliokufa San Giuseppe hawakukosa imani, walikuwa kanisani. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba paa hilo halitahimili. Miaka miwili baadaye, Desemba 1908, tetemeko liliibomoa Messina pamoja na Reggio, mji aliowahi kufundisha, na Mercalli akawa tena kazini kuchunguza uharibifu.

Kazi ya namna ile ndiyo iliyosaidia kwetu. Julai 2007 ardhi ilitetemeka kwa wiki kadhaa karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron. Vipimo vya satelaiti vilionyesha magma umejipenyeza kama kabari chini ya ardhi bila kutokeza, na mapema Septemba jirani yake, Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, ukalipuka. Goma 2021 ilikuwa hivyo pia. Lava ilitoka tarehe 22 Mei na kuua zaidi ya watu 30, ikasimama. Lakini matetemeko yaliendelea, yakihamia kusini, chini ya mji wenyewe na kuelekea chini ya Ziwa Kivu. Wataalamu walielewa kabari iko wapi, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame, mamia ya maelfu ya watu. Magma haukutokeza. Uliganda hukohuko chini. Wako waliolalamika kwamba walihamishwa bure.

Mwaka 1911 Mercalli aliteuliwa mkurugenzi wa kituo cha Vesuvio, akiwa na miaka 61, akaanza kupanga namna ya kukiboresha. Alipata miaka mitatu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Machi 1914, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wa jina lake, moto ulizuka chumbani kwake Napoli. Inasemekana taa ya mafuta ilipinduka karibu na kitanda. Magazeti ya wakati ule yaliandika pia kwamba polisi walishuku ni wizi, kwamba aliuawa kwanza. Alikutwa ameungua, pamoja na karatasi alizokuwa akizifanyia kazi.