George Parker, mwalimu aliyechoshwa na kalamu zinazovuja

Mnunuzi wa kahawa au maharage kule Muyama, kwenye nyanda za juu za Kigoma, huandika kilo na bei kwa peni ya bei ndogo, na wino ukiisha anaitupa. Zamani haikuwa hivyo. Kalamu ilinunuliwa kwa kujinyima, na ikivuja mfukoni, shati na daftari la madeni vyote viliharibika.

Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyomtoa George Safford Parker kwenye ualimu na kumwingiza katika biashara. Alizaliwa Novemba 1, 1863 huko Shullsburg, jimbo la Wisconsin, Marekani. Akiwa kijana alikwenda mji wa Janesville kusomea upelekaji wa simu za maandishi, na baadaye akawa mwalimu wa fani hiyo hapo hapo.

Mshahara ulikuwa mdogo. Kama walimu wengi wa huku wanaofungua genge ili mwezi ufike mwisho, Parker alitafuta biashara ya pembeni. Akawa wakala wa kalamu za wino za John Holland, kampuni ya mji wa Cincinnati, na wateja wake wakubwa walikuwa wanafunzi wake mwenyewe.

Haukupita muda kalamu zikaanza kurudi. Nyingine zilivuja, nyingine ziligoma kutoa wino. Wakala mwingine angesema kosa ni la kiwanda, na asingekuwa amedanganya. Lakini Parker alikutana na wateja wake kila siku darasani. Hakuwa na pa kujificha. Akanunua vifaa vidogo vya kukatia na kuchongea, akawa anazitengeneza mwenyewe.

Katika kutengeneza ndipo alipoujua ugonjwa wa kalamu zile. Mwaka 1888 alianza biashara yake, na Desemba 1889 akapata hatimiliki ya kwanza ya uvumbuzi wake. Mtaji wa kukuza kazi hakuwa nao. Mtu wa bima aitwaye W. F. Palmer alitoa dola 1,000 na kupewa nusu ya biashara, na mwaka 1892 kampuni ikaandikishwa. Wapo wafanyabiashara ambao ni heri wafe na kibanda kizima kuliko kuwa na nusu ya kiwanda. Parker hakuwa mmoja wao.

Uvumbuzi uliompa jina ni wa mwaka 1894, ulioitwa Lucky Curve. Kalamu ikisimama mfukoni, wino ulibaki kwenye mfereji wa kulisha ncha. Joto la mwili likaitanua hewa iliyomo ndani, hewa ikausukuma wino nje. Parker aliupinda mkia wa mfereji huo mpaka ukagusa ukuta wa ndani wa kalamu. Wino ukawa unarudi wenyewe, kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta kwenye utambi wa kibatari.

Mwaka 1921 kampuni ilitoa Duofold, kalamu nene ya rangi nyekundu ya kuelekea machungwa, yenye ncha nyeusi juu na chini. Bei yake ilikuwa dola saba, zaidi ya mara mbili ya kalamu nyingi za wakati huo, na bado ilinunuliwa sana. Matangazo yake yalikuja kuahidi dhamana ya miaka 25. Parker alifariki Julai 19, 1937. Septemba 2, 1945, Jenerali Douglas MacArthur aliitumia Duofold kusaini hati ya Japani kusalimu amri.

Duofold ilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ilipoadhimisha miaka 100, na hapo ndipo wanunuzi wanapobishana: ya kale au mpya?

Ya kale ina ncha ya dhahabu ya karati 14. Wino hukaa ndani ya kimpira: unafungua kitako, unabonyeza kitufe, ukiachia kimpira kinavuta wino kutoka kwenye chupa. Udhaifu wake ni kimpira hicho. Miaka ikipita hukakamaa na kupasuka, kama washa ya bomba la kupulizia kahawa dawa. Lakini kinabadilishwa, na kalamu ya miaka ya 1920 inaandika tena.

Mpya ina ncha ya karati 18. Isimdanganye mtu: dhahabu ikizidi huwa laini zaidi, na mwandiko hauwi bora kwa sababu hiyo. Hapo unalipia dhahabu. Faida halisi ni kwamba hakuna kimpira cha kuoza. Unachomeka kichupa cha plastiki chenye wino tayari, kikiisha unaweka kingine.

Vichupa hivyo ndivyo gharama isiyoandikwa kwenye bei. Vinanunuliwa kila mara, na ukurasa mmoja hugharimu zaidi kuliko kwa wino wa chupa. Aliye mbali na maduka ya mjini akivikosa, kalamu ya fedha nyingi inalala kabatini. Kipo kibomba kidogo kinachochomekwa mahali pa kichupa ili kuvuta wino wa chupa. Mnunuzi akiulizie kabla hajatoa fedha, na aone kikivuta maji palepale dukani.