John Rarey, Mtu Aliyesuhubiana na Farasi Wakali

Tukizungumza habari za watu mashuhuri wa zamani, aghalabu tunawataja majemadari walioteka miji na wafalme waliojenga makasri. Leo nataka niwasimulie wasomaji wangu habari za mtu ambaye hakuteka mji wowote. Kazi yake ilikuwa kuingia bandani kwa farasi aliyeshindikana, na kutoka naye wakiwa marafiki. Jina lake ni John Solomon Rarey, na mwaka 1858 jina hilo lilivuma London nzima.

Rarey alizaliwa mwaka 1827 katika kijiji cha Groveport, jimbo la Ohio, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alikulia shambani miongoni mwa farasi, na tangu utotoni alikuwa na mkono wa kuwatuliza. Zama hizo farasi mpya alifunzwa kwa mjeledi na nguvu. Alifungwa, akapigwa, akapandwa kwa lazima mpaka achoke. Wengine walitii kwa kuogopa, na wengine waligeuka wauaji.

Kijana huyu aliliangalia jambo hilo kwa jicho jingine. Aliona kwamba ukali mwingi wa farasi ni hofu iliyovaa nguo za hasira. Akashika mambo matatu. Kwanza, farasi hakatai jambo alilolifahamu sawasawa. Pili, hazijui nguvu zake mwenyewe, ila pale binadamu anapomfundisha kuwa anaweza kushinda. Tatu, kitu chochote kigeni hakitamtisha ukimwacha akinuse na kukigusa kwa pua yake, apate kuhakikisha kuwa hakimdhuru.

Kwa hiyo mafunzo yake yalianzia chini, kabla mtu hajafikiria kupanda. Huingii kwa pupa. Unasimama kimya mpaka farasi akuzoee, kisha unamwendea taratibu upande wa bega, wala si nyuma kwenye mateke. Unasema naye kwa sauti ya chini, unaweka mkono shingoni na kupapasa kwa kufuata malaika yake. Tandiko unampa alinuse kwanza, ndipo uliweke mgongoni. Hata ngoma na mwavuli Rarey aliwaonyesha farasi wake hivyo hivyo, mpaka wakawa hawashtuki. Na zaidi ya yote, mfunzaji alitakiwa aishinde hasira yake mwenyewe kwanza. Hayo aliyaandika katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1856.

Mwanzoni mwa 1858 alikuwa Uingereza, na akaonyesha kazi yake mbele ya Malkia Victoria. Baada ya hapo mabwana wakubwa walijiandikisha kufundishwa, kila mmoja kwa gini 10, na wakaahidi kutoitoa siri. Lakini palipo na sifa hapakosi wenye shaka. Lord Dorchester alimtaka ajaribu kwa Cruiser.

Cruiser alikuwa farasi dume wa mbio, wa damu bora, lakini hapana saisi aliyemkaribia kwa amani. Alikuwa akiuma na kupiga mateke, na mdomoni alivishwa kizuizi kizito cha chuma. Alifungiwa peke yake katika banda, na chakula alipewa kwa hadhari kubwa. Wasomaji na wafikiri: mnyama aliyetengwa gizani, chuma usoni, na kila anayemjia anakuja kwa kumwogopa. Atajifunza wema kwa nani?

Rarey akaenda mpaka Murrell Green, alikowekwa farasi huyo, akaingia. Hapa lazima niseme wazi kwamba hakutegemea maneno matamu peke yake. Alikuwa na ukanda wa ngozi wa kuukunja na kuufunga mguu mmoja wa mbele. Farasi wa miguu mitatu hawezi kupiga teke sawasawa, wala kurukia mtu. Kwa ukanda wa pili, farasi hushindana mpaka nguvu zimwishe, kisha hulala chini bila kupigwa hata fimbo moja. Alipokwisha kulala, Rarey humpapasa mwili mzima, humsemeza, humfungua, na kumwachia ainuke. Inasimuliwa kwamba baada ya saa tatu Lord Dorchester mwenyewe aliweza kumpanda Cruiser. Kile chuma kikavuliwa, na farasi akapelekwa London, watu wakamshangaa. Baadaye akawa wa Rarey.

Mwaka huo huo Rarey alimfunza pia punda milia wa bustani ya wanyama ya London, akakubali kupandwa. Sisi tunaomjua mnyama huyo kuwa wa mbuga zetu tunafahamu kwamba hiyo haikuwa kazi ndogo.

Siri yenyewe haikudumu. Wachapishaji wa London walikipata kile kijitabu, wakakitoa kwa bei rahisi bila idhini yake. Mimi naona hapo watu walipata faida, kwani elimu ya kumpunguzia mnyama mateso haifai kufichwa.

Wataalamu wa siku hizi wana neno juu ya ule ukanda. Wanasema farasi aliyelazwa chini pengine hakuamini, bali amekata tamaa tu, na kunyamaza si kuridhika. Hoja hiyo nzito, nami naikubali. Lakini tukimpima Rarey kwa zama zake, alikuta mjeledi, akauweka kando. Na ukanda ulikuwa mwanzo tu. Kilichomweka Cruiser naye kilikuwa ule mkono wa kila siku.

Ushahidi ni mwisho wao. Rarey alirudi Marekani na Cruiser wake, akaonyesha kazi huko pia. Alifariki mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka 38 tu, na katika wasia wake aliagiza farasi huyo atunzwe. Cruiser aliishi mpaka 1875. Inasemekana kwamba baada ya kufiwa na bwana wake ule ukali wa zamani ulimrudia. Aliyekuwa ameaminiwa hakuwapo tena, na imani hairithiwi kama shamba.

Sisi Waislamu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Tumesoma jinsi Bibi Aisha alivyompanda ngamia mkaidi akawa anamhangaisha, na Mtume (S.A.W.) akamwusia upole. Pwani yetu haina farasi wengi, bali punda tunao, na Lamu mpaka leo wanabeba mawe, mchanga na maji katika vichochoro. Punda mpya akigoma njiani, mwenye haraka huokota fimbo. Afadhali asimame kwanza, amtazame masikio, aangalie kama tandiko linamchoma au kama kuna kitu mbele kinachomtisha. Fimbo itamsogeza leo, lakini kesho atamkumbuka aliyeishika.